Mkate Ambao Zikri Hakuula

Katika kijiji chetu cha Nazlet Bulus, ng'ambo ya mto ukitokea Mallawi, walikuwako watu wawili waliojulikana kwa sala. Wa kwanza alikuwa Fanus Armanius, ambaye sala zake zilisifiwa hata na wale waliokuwa wakiondoka kabla hazijafika mwisho. Wa pili alikuwa Zikri Sidhom, ambaye sala zake hakuna aliyezisifu. Fanus alikuwa amemwoa Shafika, dada yake Zikri, kwa hiyo watu hawa walikuwa mashemeji. Habari ninayoisimulia ni ya Zikri.

Zikri alikuwa mkulima mwenye kipande cha shamba kando ya mfereji na nyati mmoja wa kufugwa kwa maziwa, mnyama wa hasira. Alikuwa pia mwokaji wa mkate wa madhabahu, kazi aliyoirithi kwa baba yake pamoja na muhuri wa mbao wenye misalaba na maumivu ya mgongo. Kila Jumapili na kila sikukuu, kabla jua halijatoka, aliingia katika chumba kidogo kilichojengwa ubavuni mwa kanisa, tunachokiita Bethlehemu, akawasha tanuri kwa mabua ya pamba, akachunga unga, akakanda. Mkate ule hautiwi chumvi wala chochote kingine isipokuwa unga, maji na chachu. Anayeukanda haruhusiwi kuzungumza mambo ya dunia. Husoma Zaburi hadi mkate uingie tanurini. Zikri alizisoma zote kwa sauti ile ile moja, za shangwe na za kilio, kama mtu anayetaja majina ya vituo vya treni.

Nyumba yetu iligusana ukuta na Bethlehemu. Ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo, nao haukuwa na siri. Zaburi zilipokwisha, Zikri alianza kuzungumza, na aliyezungumza naye hakuwa mtu wa kijijini.

"Bwana, habari za asubuhi. Ni mimi, Zikri wa mkate. Mkate uko tanurini. Unga wa safari hii ulikuwa na wadudu. Nimewatoa, nadhani wote. Nyati hajambo, ila amempiga teke tena mke wangu. Mke wangu naye hajambo. Mvua sikuombi, huku kwetu hainyeshi. Binti wa Ghattas atajifungua wiki hii, mtazame, ni mwembamba sana yule. Haya. Nafungua tanuri."

Hakusema amina mpaka ahakikishe kwamba mkate haujaungua.

Wanawake wa kijiji walikuwa wakipita dirishani kwake kumpa haja zao, kama watu wanaomtuma msafiri mjini. "Zikri, mtaje mwanangu," mmoja angesema. "Ana nini?" angeuliza yeye. "Ana shida tu." "Shida gani? Nikisema ana shida, ataniuliza shida gani, nami nitabaki nimesimama." Basi yule mama angelazimika kueleza yote, jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kulifanya hata mbele ya kasisi, na mara nyingine alipomaliza kueleza alikuwa ameshajua mwenyewe la kufanya. Zikri hakudai sifa kwa hilo. Alisema kwamba yeye anapeleka habari tu.

Ugomvi wake na Fanus ulihusu maji. Sisi hugawana maji ya mfereji kwa zamu, na mtu anayefungua mlango wa mfereji katika zamu ya mwenzake ni afadhali angemwibia ng'ombe. Kiangazi kimoja, katika zamu ya Zikri, maji yaligeuka njiani yakaenda kwa Fanus, na vitunguu vya Zikri vikakauka vyote. Fanus alikana. Kwa desturi yetu, mtu anayekana hupelekwa kanisani kuapa mbele ya picha ya Shahidi Girgis, mtakatifu wa kanisa letu, na akishaapa, kesi imekwisha. Asiyekubali kiapo anagombana na Shahidi mwenyewe. Fanus akaapa. Aliapa vizuri sana, kwa maneno marefu yaliyopangika. Kanisa zima lilimwangalia miguuni, kwa sababu miguu ilikuwa na matope hadi kwenye vifundo, na siku ile hakuna shamba jingine lililokuwa limelowa.

Zikri alikubali kiapo, akarudi nyumbani, akang'oa vitunguu vyake. Hakupiga kelele. Lakini Jumapili iliyofuata, watu walipoinua viganja kusali Sala ya Bwana, wale waliokuwa karibu naye waliona kitu. Zikri alisema kila neno mpaka pale tunapoomba kusamehewa kama tunavyosamehe. Hapo alifunga mdomo. Wenzake walipolipita fungu lile, akaufungua tena, akaendelea nao hadi amina.

Kasisi wetu, Abuna Bisenti, alimwita baada ya ibada.

"Zikri, mwanangu, koo linakuuma?"

"Hapana, Abuna."

"Mbona unanyamaza katikati?"

"Pale naambiwa niseme kwamba nimemsamehe. Sijamsamehe. Sasa nimdanganye Mungu kwa sauti, mbele ya watu?"

"Watu wote wanasema, mwanangu."

"Hayo ni mambo yao, Abuna."

Abuna Bisenti alikuwa mtu mpole, naye alijua kwamba hakuna mwingine kijijini anayeweza kuoka mkate usiopasuka. Walikubaliana hivi: Zikri ataendelea kuoka, lakini meza ya Bwana hataijongelea mpaka atakapoweza kulisema fungu lile. Zikri aliona ni haki. Basi kwa miaka iliyofuata alikanda, akapiga muhuri, akatoboa matundu, akaoka mkate wa wenzake wote, Fanus akiwamo, na yeye mwenyewe hakuuonja. Ugomvi ulipoanza, binti yake alikuwa anasuka nywele za mwanasesere. Mpaka wakati ninaokwenda kuusimulia, alikuwa anasuka za mwanawe.

Na kwa kuwa hakuwa na haja ya kufunga, alianza kuweka birika la bati pembeni mwa tanuri. Sisi hatuijongelei meza ile ikiwa kitu chochote kimepita kooni tangu usiku, hata tone la maji. Zikri hakuwa akiijongelea. Mkate ulipotoka tu, alijimiminia bilauri ya chai nyeusi, nzito, yenye sukari ya kusimamisha kijiko, akainywa akisikiliza kengele. Alisema kwamba mtu aliyekatazwa karamu si lazima akatazwe na chai.

Kisha Fanus akaugua. Ilikuwa homa ya matumbo. Daktari alikuja kutoka Mallawi juu ya punda, akamchoma sindano, akanawa mikono, akasema kwamba upande wake amemaliza. Fanus alilala kitandani akiwa na midomo iliyopasuka, na jambo lililowashangaza watu zaidi ya ugonjwa ni kwamba hakusali. Mtu yule aliyeweza kusali juu ya mkeka wa maombolezo mpaka kahawa ikapoa mara mbili sasa alifumbua mdomo na hakuna kilichotoka.

Shafika alianza na Shahidi Girgis. Aliigeuza picha yake ukutani, uso ukatazama matofali, akaiambia, "Utakaa hivyo mpaka aombe chakula." Watu wengi kwetu hufanya hivyo, na hakuna anayeona kwamba ni utovu wa adabu, ni ugomvi wa watu wanaojuana. Kisha akajifunga ushungi mweusi, akaja Bethlehemu.

"Kaka, mume wangu anakufa."

"Nimesikia. Pole, dada."

"Pole peleka kwa jirani. Mimi nataka umwombee."

"Waambie wengine. Abuna yupo, mashemasi wapo."

"Wameomba wote. Wewe Mungu anakusikia."

"Ananisikia kwa sababu simwambii uongo," alisema Zikri. "Sasa nikamwambie nini? Bwana, mponye Fanus? Ataniambia, Zikri, tangu lini?"

"Kwa hiyo vitunguu vina thamani kuliko baba wa watoto wangu!"

"Sikusema hivyo."

"Umesema! Vitunguu vyenyewe vilikuwa vidogo kama mbegu za tende, mama alikuwa akiona aibu kuvipika!"

Zikri alifikiri. "Vidogo vilikuwa," akakubali. "Lakini vilikuwa hai."

Shafika aliondoka akiwa hana machozi, jambo ambalo kwa wanawake wa ukoo wao lilikuwa baya kuliko machozi.

Kijiji hakikumwacha. Abuna Bisenti alimletea kitabu cha sala za wagonjwa, akamwonyesha ukurasa. Zikri alikisoma kwa heshima, akakirudisha, akasema ni sala nzuri lakini aliyeiandika hakuwa anamfahamu Fanus. Kisha akaja Mwalimu Wadia wa shule ya misheni, aliyenifundisha hata mimi, mtu wa suti moja na nia njema. Mwalimu Wadia aliamini kwamba sala, kama insha, ina sehemu zake: kwanza sifa, pili toba, tatu shukrani, na mwisho maombi. Aliketi juu ya gunia la unga.

"Haya, Zikri, tuanze na sifa."

Zikri aliinamisha kichwa. "Bwana, wewe ni mkubwa." Akanyamaza.

"Endelea, endelea."

"Nimeshamwambia, Mwalimu. Na alikuwa anajua."

"Sawa. Sasa toba. Taja kosa lako."

"Simpendi Fanus."

"Vizuri sana! Sasa sema, nisamehe, sitarudia."

"Lakini nitarudia, Mwalimu. Kesho asubuhi nikipita kwenye mlango wa mfereji, nitarudia."

Mwalimu Wadia alijipangusa unga kwenye suti na kusema kwamba wataendelea na shukrani siku nyingine. Nilimwona akitoka. Alikuwa anatembea polepole, na wiki ile, katika ibada ya shule, sala yake ilikuwa fupi kuliko kawaida.

Shafika alirudi mchana wa siku ya tatu. Safari hii hakuingia. Alisimama mlangoni na kushika mwimo.

"Anakutaka," alisema.

"Nani?"

"Unajua nani. Amesema jina lako. Ni neno la kwanza tangu juzi."

"Dada, nitakuja kumsalimu, lakini kuomba sitaweza. Nikisema nataka apone, nitakuwa nimedanganya juu ya kitanda cha mgonjwa."

"Basi mwambie ukweli!"

"Ukweli wenyewe ni mbaya."

"Kwani Mungu hajausikia bado?" Shafika alifoka. "Umemweka gizani miaka yote hii, unadhani haoni? Unamwambia habari za wadudu na za nyati. Hizi za Fanus umezificha kwapani. Ndiyo ukweli wako huo?"

Zikri alijipangusa mikono. Akavaa viatu vyake, jambo alilolifanya kwa harusi na mazishi tu, akamfuata.

Chumba kilikuwa kimejaa watu, kama ilivyo desturi yetu mtu anapokuwa hana nguvu ya kuwafukuza. Mimi nilikuwa dirishani na majirani wengine. Zikri alisimama kando ya kitanda akiwa bado na unga kwenye nyusi. Fanus alimtazama. Hakuna aliyemsalimu mwenzake.

Zikri akafumba macho.

"Bwana, ni mimi, Zikri wa mkate. Leo si Jumapili, samahani. Nimekuja kwa ajili ya Fanus huyu hapa. Unamjua. Alinikaushia vitunguu, kisha akaapa mbele ya Shahidi wako kwamba si yeye, na miguu ina matope. Mimi simpendi. Nimejaribu kutaka apone, sijaweza. Dada yangu anataka. Watoto wanataka. Basi wasikilize hao. Na mimi, nipe kutaka, maana sina, na sijui kinauzwa wapi. Haya."

Mzee mmoja alikohoa kwa aibu. Mke wa Ghattas alijifunika uso kwa ushungi, na mpaka leo haijulikani kama alikuwa analia au anacheka.

Ndipo Fanus akafumbua midomo. Sauti yake ilikuwa kama majani makavu.

"Bwana," alisema. "Nilifungua mlango wa mfereji. Nikaapa uongo." Akapumzika. Watu walingoja yale mengine, maana walimzoea, lakini hayakuja. "Haya," akasema Fanus.

Hiyo ndiyo sala fupi kuliko zote alizowahi kuomba, na ndiyo pekee ambayo kila aliyekuwapo aliisikia mpaka mwisho wake.

Zikri aliinama, akachukua kitambaa kilichokuwa ndani ya bakuli, akakikamua, akakiweka kwenye paji la uso la shemeji yake, bila upole wa pekee, kama anavyofunika donge la unga. "Lala," akamwambia. "Unapoteza nguvu."

Sisemi kwamba homa iliondoka saa ile. Ilikaa siku nyingine kadhaa na ikamtesa. Lakini asubuhi moja Fanus aliomba supu ya dengu, na Shafika, kabla hajaenda jikoni, alikwenda kwanza ukutani, akaigeuza picha ya Shahidi Girgis, akaipangusa vumbi, akaiambia, "Ahsante, na usirudie." Daktari alipopata habari alisema kwamba sindano zake ni nzuri. Hakuna aliyembishia.

Zikri alipoulizwa kama sasa amemsamehe, alijibu kwamba kitu kimeanza, lakini ni kama chachu wakati wa baridi. Usiifunue kila mara kuitazama. Alimsaidia Fanus kuvuna. Walifanya kazi bega kwa bega bila kuzungumza, kisha wakaanza kuzungumza juu ya nyati, na hatimaye wakaanza kubishana juu ya nyati, ndipo sote tukajua kwamba mambo yanakwenda vizuri. Jumamosi moja Zikri alimwendea Abuna Bisenti na kumwambia kwamba kesho fungu lile atalisema, na kwamba anaomba nafasi mezani.

Habari ilifika kila nyumba kabla yeye hajafika kwake.

Jumapili ile kanisa lilijaa. Fanus aliletwa akiegemea fimbo. Wakati wa busu la amani, mashemeji waligusana viganja, na upande wa wanawake ukasikika mguno. Ikaja Sala ya Bwana. Viganja viliinuliwa, na nathubutu kusema kwamba siku ile kanisa zima halikumtazama Mungu bali mdomo wa Zikri. Lilipofika fungu lile, mdomo haukufungwa. Alilisema lote, kwa sauti yake ile ya vituo vya treni, na alichelewa kidogo nyuma ya wengine, kwa sababu maneno yalikuwa yamekaa miaka bila kutumika.

Kisha watu wakapanga mstari. Fanus alikuwa mbele, Zikri nyuma yake akiwa ameshika kitambaa cheupe cha kufunikia mdomo. Abuna Bisenti alikuwa anamtazama akija, na macho yake yalikuwa yamelowa. Zikri alisogea hatua, akasogea tena. Ghafla akasimama. Uso wake ukawa kama wa mtu aliyeacha tanuri wazi. Akageuka, akatoka katika mstari, akarudi nyuma ya kanisa.

Fanus alihisi pengo mgongoni mwake. Akageuka, akaona. Minong'ono ikaanza: hakusamehe, nilijua, ukoo wa Sidhom ni wa mawe. Shafika hakunong'ona. Alisimama katikati ya wanawake akapaza sauti mbele ya madhabahu, na hilo halijawahi kutokea kabla wala baada.

"Zikri! Umefanya nini tena?"

Zikri aliitazama sakafu. Kisha akajibu, naye kwa sauti, kwa kuwa hakujua kujibu uongo wala kujibu kwa siri.

"Nimekunywa chai."

Ilikuwa kweli. Alifunga tangu jioni, akaamka akijua siku ilivyo, akasoma Zaburi zake zote. Na mkate ulipotoka, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye birika, kama ulivyokwenda miaka yote, na bilauri ilikuwa tupu kabla moyo haujauliza. Hakukumbuka mpaka alipoisikia ladha ya sukari kwenye meno, hatua moja kutoka mezani.

Abuna Bisenti aligeukia madhabahu kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Fanus alibaki mbele ya mstari. Wote tulidhani atasogea. Badala yake alijikongoja kwa fimbo mpaka nyuma, akasimama kando ya Zikri.

"Nenda wewe," Zikri alimwambia. "Wewe hujanywa kitu."

"Nitakungoja," alisema Fanus.

"Mpaka Jumapili ijayo?"

"Wewe ulikosa meza kwa ajili yangu miaka mingapi? Nikingoja wiki moja nitakufa?"

"Juzi ulitaka kufa," alisema Zikri.

"Nyamaza, shemeji, watu wanasali."

Jumapili iliyofuata walikula wote wawili. Abuna Bisenti aliniambia baadaye kwamba Zikri aliutafuna mkate ule taratibu, kwa uso wa mtu anayekagua kazi.

Birika alilitoa Bethlehemu akalileta kwetu, ili mkono wake usilione. Tangu siku ile, kila ibada ilipokwisha, aligonga ukuta, nami nilijua kwamba niweke maji motoni. Alikunywa akiwa amesimama. Alinieleza wakati mmoja kwamba katika yote yale, kusamehe kulikuwa kugumu, lakini Mungu alisaidia. Chai alilazimika kuiacha mwenyewe.

Fanus alirudi kusali hadharani, na sala zake zilirefuka tena kidogo kidogo, maana mtu hafufuki na kila kitu kipya. Lakini katikati yake alikuwa akisimama mara moja, kama aliyesahau, na kusema jambo moja wazi kuhusu mtu mmoja mwenye jina. Watu walianza kungoja sehemu hiyo, na wachache sana waliondoka kabla yake.

Na mimi niliendelea kusikia upande wangu wa ukuta, kwa miaka mingi, mpaka mgongo wa Zikri ulipokataa. Nakumbuka asubuhi moja baada ya mambo hayo, moto ukivuma ndani ya tanuri:

"Bwana, habari za asubuhi. Ni mimi, Zikri wa mkate. Unga wa leo ni safi. Nyati amezaa, ndama ana hasira za mama yake. Fanus anatembea bila fimbo, ahsante. Kesho ni zamu yangu ya maji. Nimemsamehe, unajua, lakini nitakwenda kukaa pale mlangoni mwa mfereji, nimsaidie asijaribiwe. Haya. Nafungua tanuri."